Falsafa ya Siasa Iliyopimwa Sokoni Wajir

Katika vyuo vikuu vyetu falsafa ya siasa hufundishwa kwa orodha ambayo wanafunzi huikariri: Plato, Machiavelli, Hobbes, Locke, Rousseau, Kant na, muhula ukiwa na nafasi, Fanon na Nyerere. Wanaharakati wa amani hawamo katika orodha hiyo. Hao tunakutana nao kwenye warsha, kwenye ripoti za wafadhili na kwenye sherehe za kupokea tuzo. Mwanafalsafa tunamsoma ili tubishane naye. Mwanaharakati tunampigia makofi, kisha kila mtu anakwenda zake.

Safu hii inapinga mgawanyo huo. Mwanaharakati wa amani anayeifanya kazi yake kwa dhati hukabiliana na maswali yaleyale yaliyowasumbua Hobbes na Kant: utulivu unatoka wapi, nani ana haki ya kutoa amri, ahadi inashikaje kati ya watu wasioaminiana. Tofauti ni kwamba yeye huyajibu mahali ambapo jibu likikosewa watu wanazikwa. Kwa hiyo maisha yake ni hoja ya kifalsafa, na yanastahili kuhojiwa kama hoja nyingine yoyote: yamejengwa juu ya msingi gani, yanathibitisha nini, na mipaka yake ni ipi.

Nitamchukua Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu aliyezaliwa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwaka 1964. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, na Julai 2011, akiwa na miaka 47, alifariki kutokana na majeraha ya ajali ya gari. Ninamchagua kwa sababu hakuanza na vitabu. Gandhi alisoma kitabu cha John Ruskin ndani ya treni ya kutoka Johannesburg kwenda Durban mwaka 1904, na mwaka huohuo akaanzisha makazi ya Phoenix. Martin Luther King alimsoma Thoreau na Gandhi kabla ya kuongoza maandamano. Tumezoea njia hiyo, ya wazo kutangulia na tendo kufuata. Dekha alifika kwenye nadharia kwa kupitia sokoni.

Hobbes alipatia nusu

Thomas Hobbes alichapisha *Leviathan* mwaka 1651, nchi yake ya Uingereza ikiwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Fundisho lake kuu linajulikana: pasipo mamlaka moja yenye nguvu za kuwatisha wote, aliyoiita Leviathan, kila mtu humwogopa mwenzake, na woga huo peke yake unatosha kuleta vita. Hakuna haja ya mtu kuwa mwovu. Inatosha asiwe na uhakika kwamba jirani hatamwahi.

Anayeitazama Wajir ya 1992 kutoka mbali ataona kama Hobbes alikuwa akiieleza. Ukame ulikuwa umeua mifugo. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991, na mpakani wakaingia wakimbizi pamoja na bunduki. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ukageuza viti vya ubunge kuwa hesabu ya koo. Waajuran, Wadegodia na Waogaden, watu wa dini moja, waliooleana na kunywesha mifugo visima vilevile, wakaanza kuuana. Mashambulizi yalilipwa kwa mashambulizi, na mamia ya watu walipoteza maisha.

Lakini hapo ndipo nadharia inapokwama. Hobbes anadai kwamba vita huja dola inapokosekana, na Wajir dola ilikuwepo. Ilikuwepo kwa sura ya kutisha. Mkoa wote wa Kaskazini Mashariki uliwekwa chini ya sheria za hali ya hatari mwishoni mwa 1963, Kenya ikiwa haijamaliza mwezi tangu ipate uhuru, na sheria hizo hazikuondolewa hadi 1991. Februari 1984 askari waliwakusanya wanaume wa Kidegodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakawaweka juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilianza kwa kutaja watu 57. Manusura wamekuwa wakitaja mamia na zaidi. Kizazi kizima cha Wajir kilimjua Leviathan kwa jina na kwa sare zake, na hakikupata amani kwake.

Kwa hiyo swali la Wajir lilikuwa gumu kuliko la Hobbes. Yeye aliuliza watu wafanyeje wasipokuwa na dola. Wao walilazimika kuuliza watu wafanyeje wakati dola ipo, ina silaha, na haiaminiki.

Dekha alieleza usiku mmoja wa 1993 risasi zilipoanza kulia karibu na nyumba yake. Alimnyakua mtoto wake wa kwanza na kujificha naye chini ya kitanda kwa saa kadhaa. Kulipokucha mama yake alimweleza kwamba naye, alipokuwa mtoto katika miaka ya vita vya shifta, serikali ilipopambana na waasi wa mkoa huo, alifichwa vivyo hivyo. Miaka karibu thelathini ilikuwa imepita kati ya mtoto yule na huyu, na ulinzi uliobaki ulikuwa uleule: uvungu wa kitanda. Nimesoma maelezo mengi ya kitaaluma kuhusu dola iliyoshindwa. Sijaona kipimo kilicho sahihi kuliko hicho.

Kant na wauza maziwa

Wanawake waliokutana baada ya hapo hawakufika hata kumi na wawili. Walikuwa wa koo tofauti, na kukutana kwao kulikuwa hatari, kwani mwanamke anayeketi na adui huitwa msaliti upesi. Swali lao la kwanza lilikuwa dogo kwa makusudi: tuanzie wapi mahali ambapo sisi wenyewe tuna uwezo? Wakaona ni sokoni.

Uchaguzi huo unahitaji kuangaliwa kwa karibu. Biashara kubwa ya kila siku katika soko la mji wa Wajir, kuanzia maziwa hadi mboga, ilikuwa mikononi mwa wanawake. Mapigano yalikuwa yamefika hapo: mwanamke wa ukoo fulani hakuweza kuuza wala kununua kwa usalama penye watu wa ukoo mwingine. Wale wachache wakakubaliana kanuni moja, kwamba mwanamke wa ukoo wowote aingie sokoni, auze na anunue bila kubughudhiwa. Wakaweka waangalizi wa kuona kanuni inafuatwa. Palipotokea uchokozi, kamati ndogo ya wanawake wa koo mbalimbali ilifika mara moja na kuumaliza kabla haujageuka kisasi. Soko likatulia. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa jumuiya ya wanawake wa Wajir kwa ajili ya amani.

Immanuel Kant, katika insha yake ya 1795 kuhusu amani ya kudumu, aliandika mambo mawili yanayotuhusu hapa. La kwanza ni kwamba amani si hali ya asili ya binadamu; lazima ijengwe, iwekewe masharti na taasisi. La pili ni kwamba moyo wa biashara haukai pamoja na vita, na mapema au baadaye utayasukuma mataifa kutafuta amani hata kama maadili yao ni dhaifu.

Wanawake wa Wajir walilithibitisha la kwanza na kulisahihisha la pili. Maslahi ya kibiashara yalikuwepo Wajir kabla ya vita na wakati wa vita, na hayakuzuia chochote. Muuza maziwa alijua fika kwamba vita vinamfilisi, lakini peke yake hakuweza kitu, kwa kuwa hakuna mtu mmoja anayeweza kuliweka soko zima salama. Kilichobadilisha mambo kilikuwa kanuni, waangalizi na watu waliokuwa tayari kuinuka na kwenda papo hapo. Biashara haileti amani yenyewe. Huwapa watu sababu ya kuitaka, halafu kazi yote inabaki kwa watakaojitwika.

Nguvu ya wasio na bunduki

Baada ya soko, wanawake waliwaendea wazee, na huko walikuta ukuta. Katika mila za wafugaji wa Kisomali vita na amani huamuliwa na wazee wa kiume. Wanawake hawakuuvamia ukuta huo. Walimtafuta mzee aliyeheshimika kutoka ukoo mdogo kuliko yote, ambao hakuna aliyeuogopa, wakamwomba awasemee. Mzee huyo alipowauliza wenzake vita hivi vinamfaidi nani, haikuwezekana kumshuku kwamba anautafutia ukoo wake ushindi. Hapo likaanza baraza la wazee lililokuja kujulikana kwa jina la Al-Fatah, na Septemba 1993 likatoka tamko la kusitisha uhasama.

Wakafuata vijana waliokuwa wakipigana. Hao walisema wazi kwamba maneno pekee hayatoshi. Bunduki ilikuwa inawalisha, na anayetaka waiweke chini awape kazi. Ikabidi wafanyabiashara waletwe mezani. Wakaja pia viongozi wa dini na maofisa wa wilaya. Kikaundwa kikosi cha kufika haraka kila iliposikika fununu ya wizi wa mifugo au mauaji, kabla jamaa wa aliyeuawa hawajachukua sheria mkononi. Mwaka 1995 kazi hiyo yote ikaingizwa rasmi katika kamati ya maendeleo ya wilaya, ikiitwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir.

Hannah Arendt, mwanafalsafa aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alitofautisha mamlaka na mabavu katika kitabu kifupi alichokichapisha mwaka 1970. Kwake, mamlaka ya kweli huzaliwa pale watu wanapotenda kwa pamoja, na huisha wanapotawanyika. Mabavu hutegemea zana. Yanaweza kuvunja mamlaka, lakini hayawezi kuyazaa. Wasomaji wengi huona hoja hii ni nzuri ila ni ya ndotoni, kwa sababu mtutu wa bunduki unaonekana kushinda kila siku.

Wajir inampa Arendt ushahidi mzito. Serikali ilikuwa na mabavu kwa karibu miaka thelathini bila kupata utii wa hiari. Wanawake hawakuwa na zana yoyote, na ndani ya miaka michache maofisa wa serikali waliketi kwenye kamati zilizoanzishwa nao. Lakini inaongeza jambo ambalo Arendt hakulifafanua vya kutosha: kutenda pamoja kuna mpangilio. Mtu huanza pale alipo na uwezo, kisha humtafuta anayeweza kufungua mlango unaofuata. Wale wanawake wangeanza kwa wazee wangefukuzwa. Wangeanza kwa vijana wenye silaha wangepuuzwa. Mpangilio huo ni maarifa ya kisiasa, na haukutoka kwenye kitabu chochote.

Madai ya vijana yanatuleta kwa Johan Galtung, mtaalamu wa Norway ambaye mwaka 1969 alitofautisha amani ya kukosekana kwa vita na amani iliyojengwa juu ya haki. Wasomi wameufanya mgawanyo huo kuwa hatua mbili: kwanza risasi zinyamaze, haki itafuata. Vijana wa Wajir waliukataa mpangilio huo, maana kwao kazi ilikuwa sharti la risasi kunyamaza. Anayewaambia vijana wenye njaa watulie kwanza, habari za riziki zitakuja baadaye, anajenga amani itakayobomoka.

Ahadi, msamaha na Wagalla

Katika kitabu cha awali, cha 1958, Arendt alisema matendo ya binadamu yana maradhi mawili. Yaliyotendwa hayatenduliki, na yajayo hayatabiriki. Dawa ya la kwanza ni msamaha, na dawa ya la pili ni ahadi. Tamko la wazee wa Wajir lilikuwa na dawa zote mbili. Lilikuwa ahadi ya kutoshambuliana, na lilitegemea desturi ya diya, ambayo inamfanya ndugu wa aliyeuawa apokee fidia badala ya kulipa kisasi. Mtindo huo ulienea. Mwaka 2001 wazee wa kaskazini walifikia Azimio la Modogashe kuhusu malisho, maji, wizi wa mifugo na fidia za mauaji, na baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 serikali ya Kenya ikazipeleka kamati za amani katika wilaya nyingine za nchi.

Sasa tufike kwenye mipaka, kwa sababu hoja isiyohojiwa haiheshimiwi. Kwa desturi ya diya fidia ya mwanamume ni ngamia 100 na ya mwanamke ni 50, na ulinganisho huo wa nusu kwa nzima ukaingia hata kwenye Azimio la Modogashe. Yaani amani iliyoanzishwa na wanawake iliandikwa kwa kipimo kinachouthamini uhai wao nusu. Katiba ya Kenya ya 2010 inamhakikishia kila mtu usawa mbele ya sheria, na kipimo hicho hakipatani nayo. Wapo wanaosema mila iachwe kwa kuwa inafanya kazi. Ninaafiki kwamba ilizuia mauaji mengi, na bado nasema kuwa jambo linalofanya kazi linaweza kuwa la dhuluma. Rousseau alionya kwamba mkataba wa kijamii ukiandikwa na wenye nguvu huhalalisha nguvu zao. Onyo hilo linawahusu wazee wa Wajir kama lilivyowahusu matajiri wa Ulaya.

Mpaka wa pili ni Wagalla. Arendt alisisitiza kwamba watu hawawezi kusamehe wasichoweza kukiadhibu. Ukoo unaweza kuadhibiwa kwa kutozwa ngamia, na ndiyo sababu unaweza kusamehewa. Je, dola iliyoua raia wake? Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilichunguza Wagalla na kutoa ripoti yake mwaka 2013. Hakuna ofisa hata mmoja aliyetiwa hatiani. Wazee na wanawake wa Wajir walijifunza kupatanisha ukoo na ukoo, lakini hakuna kamati ya wilaya inayoweza kupatanisha raia na serikali ambayo haijakubali kuwajibika. Tukizisifu kamati za amani huku tukinyamazia Wagalla, tunawatwisha wahanga kazi ya mkosaji.

Mpaka wa tatu ni wa muda. Mwaka 2014 mapigano kati ya koo za Wagarre na Wadegodia yalizuka tena mpakani mwa Wajir na Mandera, na watu wakaacha makazi yao. Wapo waliosema kwamba hiyo ni dalili ya kushindwa kwa kazi ya Dekha na wenzake. Mimi nasoma kinyume. Hobbes alifikiri amani hupatikana mara moja, mkataba ukishafungwa na mtawala akishasimikwa. Wajir inatuonyesha kwamba ahadi za kisiasa huchakaa, kwamba kila uchaguzi na kila ukame huziweka majaribuni upya, na kwamba kamati iliyogeuka ofisi ya kugawa posho haitasikia fununu mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa za Wajir zinahitaji watu wa kuzikagua kila msimu.

Mwalimu anayerudi kwenye kitabu

Dekha mwenyewe hakuidharau nadharia. Alishirikiana na wenzake kuandika kitabu cha mbinu za kushughulikia migogoro kilichochapishwa mwaka 2000 na kutumiwa na wakufunzi katika nchi nyingi. Alifundisha nje ya Kenya, na alisema bila kificho kwamba Uislamu wake ndio uliomtia nguvu. Yeye anakanusha ile dhana kwamba watu wa vitendo hawafikiri, na pia ile dhana ya pili, iliyoenea zaidi, kwamba mtu wa dini hana cha kuongeza kwenye falsafa ya siasa.

Kenya ilipowaka moto baada ya matokeo ya urais kutangazwa mwishoni mwa Desemba 2007, alikuwa miongoni mwa watu watano waliokutana Nairobi na kuanzisha kundi la Raia Wanaojali Amani, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat, majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo, na George Wachira. Mbinu ilikuwa ya Wajir: kupokea taarifa kutoka mitaani, kuzipeleka kwa anayeweza kuchukua hatua, na kufungua milango kati ya kambi zisizosemezana. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika machafuko yale, hadi mkataba wa kugawana madaraka ulipotiwa saini Februari 28, 2008 chini ya usuluhishi wa Kofi Annan. Vitabu vya historia vinamtaja Annan, na anastahili. Lakini mkataba wa viongozi wawili usingeshika iwapo huko chini hapangekuwa na watu waliokwisha kuanza kuzungumza.

Mchango wa Dekha na wanawake wa Wajir katika falsafa ya siasa ninauona hivi. Utaratibu wa kisiasa hauanzii kwenye woga wa mtawala, kama alivyodhani Hobbes, wala haujileti wenyewe kwa kuvutwa na maslahi, kama alivyotumaini Kant. Huanza pale wachache wanapoweka kanuni ndogo wanayoweza kuilinda wenyewe, wakailinda kweli, kisha wakaitumia uaminifu walioupata kuwaendea wakubwa zaidi. Dola huja baadaye. Ikija kwa heshima huiimarisha kanuni ile. Ikija kwa mabavu huibomoa.

Kwa wahadhiri wa siasa na falsafa kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, Kampala na Bujumbura, ombi langu ni moja: Wajir iingizwe kwenye mtaala. Isiwe kiambatisho cha wiki ya mwisho. Isomwe wiki ileile anayosomwa Hobbes, na wanafunzi watakiwe kuamua nani kati yao alikuwa na jibu bora. Kwa serikali za kaunti, kamati za amani zipewe wanawake wenye kura kamili, na kipimo cha diya kirekebishwe kiendane na Katiba. Kwa serikali kuu, ripoti ya 2013 itekelezwe, na manusura wa Wagalla walipwe wakiwa hai. Nawe msomaji, katika soko unakonunulia mboga, jiulize ni nani angeinuka kwanza siku wateja watakapoanza kuulizana kabila. Ikiwa humjui mtu huyo, kaeni na majirani mumchague sasa, kabla ya uchaguzi ujao.